Simba wa Ruaha na maji ya Usangu

Muulize yeyote anayeijua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni lini uende kuona simba, atakujibu bila kusita: Septemba au Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea. Miti imepukutisha majani, nyasi zimeliwa au zimelala, na maji yamebaki sehemu chache zinazojulikana. Wanyama hawana pa kwenda isipokuwa hapo, na simba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ushauri huo ni sahihi. Niliufuata, nikaona simba wengi kuliko nilivyothubutu kutarajia. Ila sababu mojawapo ya ushauri huo kuwa sahihi inaanzia mbali na hifadhi, kwenye majaruba ya mpunga ya bonde la Usangu, mkoani Mbeya, nilikolelewa, na tangu nirudi siwezi kuzungumzia simba wale bila kuyazungumzia majaruba yale.

Nianze na njia, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa ni Watanzania ambao hamjawahi kufika. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Unapita Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, penye makumbusho madogo yanayohifadhi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Simama hapo hata nusu saa. Baada ya hapo nchi inashuka, joto linapanda, mibuyu inaanza kujitokeza, na vijiji vya Idodi na Tungamalenga vinakuwa vya mwisho kabla ya geti. Kiingilio cha Mtanzania kinalipika. Kinachotukwamisha wengi ni gari, maana mle ndani hutembei kwa miguu upendavyo, na gari dogo litakwama kwenye mchanga. Sisi tulichangishana hadi tukaijaza Land Cruiser moja, tukalala kwenye mabanda ya TANAPA hapo Msembe, kando ya mto, tukajipikia wali na maharage. Ruaha si ya wageni wenye dola peke yao. Msibebe nguo za bluu wala nyeusi. Ndorobo wa upande wa miombo wanazipenda rangi hizo, na wanauma hata juu ya nguo.

Dereva wetu, ambaye ndiye aliyekuwa pia mwongoza watalii, ni mzaliwa wa Tungamalenga. Tulisalimiana naye kwa Kihehe, kamwene, na kwa mimi niliyetoka ng'ambo ya pili ya hifadhi salamu hiyo ilitosha kuanzisha udugu. Asubuhi ya kwanza mmoja wetu alimwambia, "Kaka, sisi tumekuja kwa ajili ya simba." Akajibu, "Dada, simba mtawaona. Kwanza tujue nani anakunywa wapi."

Nilidhani ananyamazisha haraka yetu. Kumbe alikuwa anatupa kanuni nzima ya mahali pale kwa sentensi moja. Ruaha ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, na ndani yake miombo ya kusini inakutana na mbuga za migunga za kaskazini. Ndiyo maana utamkuta tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na ukibahatika utaona pia swala wakubwa aina ya korongo na palahala. Eneo kama hilo huwezi kulizunguka kwa gari ukitafuta kichwa cha simba kichakani. Masika, wanyama wametawanyika kotekote kwa sababu kila bonde lina maji. Kiangazi, mvua zikiwa zimekatika tangu Aprili na zinazofuata hazitegemewi kabla ya Novemba, ramani nzima inajikunja hadi kubaki mto wenyewe na vijito vyake vya mchanga.

Tulielekea Mwagusi, kijito ambacho wakati huo hakikuwa na tone la maji linaloonekana. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na kingo zake zimepandwa mikuyu na mikwaju. Katikati ya mchanga alisimama tembo jike mkubwa akichimba. Alikuwa anakwangua kwa unyayo wa mguu wa mbele, taratibu, kisha anaingiza mkonga na kuzoa mchanga pembeni, anasubiri, anaingiza tena. Alipoyafikia maji, ya kwanza aliyamwaga. Dereva akatuambia hutoa yale yenye matope kwanza, ndipo anywe. Nyuma yake ndama alijaribu kutia mkonga wake kwenye shimo hilohilo, mama akamwondoa kwa upole, akanywa, kisha akamwachia nafasi. Pembeni walikuwa wamejipanga nyani, kanga na swala pala, kila mmoja akisubiri tembo aondoke ili naye apate kilichobaki. Nimeona picha nyingi za wanyamapori maishani mwangu, lakini hakuna iliyokuwa imeniambia kwamba tembo huwachimbia wenzake kisima.

Na simba walikuwepo. Hatukuwaona mpaka dereva alipotuambia tuwatazame swala. Swala pala watatu waliokuwa mwisho wa kundi hawakuwa wanamtazama tembo. Masikio na macho yao yalielekezwa ukingo wa pili, kwenye kivuli cha mkwaju. Tukafuata macho yao. Kwanza niliona ncha nyeusi ya mkia ikipiga ardhi. Kisha sikio. Kisha, kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, kivuli kizima kikawa simba: majike wamelala wameegemeana, watoto wenye madoa mepesi tumboni na miguuni wakipandiana migongo, na dume mmoja kando, manyoya ya shingoni yakiwa mafupi na machache. Tulihesabu kumi na wanne. Moyo ulinidunda mpaka nikashindwa kuishika darubini sawasawa.

Hawakufanya lolote kwa muda mrefu sana, na hapo ndipo wengi wanapoharibu safari yao. Simba hulala au kupumzika hata saa ishirini katika siku moja. Magari mawili yalikuja, watu wakapiga picha, wakaondoka ndani ya dakika chache kwenda kutafuta chui. Sisi tulibaki, dereva akazima injini, na kwa kubaki tu tukaanza kuwajua. Mtoto mmoja alinyonya kwa jike wa kwanza, akafukuzwa, akaenda kwa wa pili, akapokelewa. Majike wa kundi moja ni ndugu: mama, mabinti, dada, shangazi, na mara nyingi hulea watoto wao kwa pamoja. Madume ndio wapitaji. Huja wakiwa wawili au watatu, mara nyingi ndugu, wakawashinda waliokuwepo, na wakishinda huwaua watoto wadogo waliowakuta ili majike waingie joto upya. Kwa hiyo wale watoto waliokuwa wanachezea mkia wa baba yao walikuwa hai kwa sababu baba huyo bado alikuwa na nguvu za kusimama. Nilimtazama yule dume mwenye manyoya machache kwa heshima tofauti baada ya kuelezwa hilo.

Alasiri ndipo nyati walipokuja. Vumbi lilitangulia, halafu harufu, halafu wakajaa kwenye ukingo, weusi, mamia, wakishuka kutafuta dimbwi lililokuwa limebaki chini ya mwamba. Simba wa Ruaha wanajulikana kwa kuwinda nyati, na kwa mawindo ya aina hiyo wanahitaji kuwa wengi. Majike walijiinua mmojammoja bila sauti. Wawili walizunguka kwa mbali upande wa kulia, mmoja akalala bapa mchangani, tumbo chini, mabega yamechomoza. Watoto walibaki palepale, hawakuthubutu kufuata. Sijui walielezwa kwa ishara gani. Nyati wa mbele akasimama, akainua pua. Wenzake wakasogea, wakajipanga bega kwa bega, pembe mbele, na kwa muda ambao hakuna kati yetu aliyepumua vizuri pande mbili zile zilitazamana. Kisha dume mmoja wa nyati akatoka mstarini akawakimbilia simba. Majike wakatimua mbio. Nyati wakanywa.

Ndani ya gari mwenzangu mmoja alisikitika kwamba hatukuona windo likikamilika. Mimi sikusikitika hata kidogo. Kushindwa ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya simba. Anayeonyeshwa mawindo yaliyofanikiwa pekee anadanganywa kuhusu mnyama huyu, akamdhania mfalme anayechukua anachotaka, wakati anaishi kwa njaa, subira na kukimbizwa na mla majani.

Usiku tuliwasikia tukiwa vitandani. Mngurumo wa simba unaweza kusikika hata kilomita nane, na ukiwa karibu huusikii kwa masikio tu, unatetema kifuani na kwenye bati la banda.

Asubuhi iliyofuata dereva alitupeleka kwenye Mto Ruaha Mkuu wenyewe, na hapo ndipo furaha yangu ilipoingia kitu kingine. Nilikuwa nimezoea kuyaona maji yake yakiwa bado machanga, yakishuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kuingia bonde la Usangu. Kwetu hayakosekani. Pale hifadhini, mto ambao jina lake lina neno "Mkuu" ulikuwa mnyororo wa madimbwi ya kijani. Katika dimbwi moja viboko walikuwa wamesongamana hadi wanalaliana, migongo imepasuka kwa jua, na mamba wamelala kwenye matope pembeni wakisubiri samaki wafe. Dereva alisema wazee wa kwao wanakumbuka mto huu ukitiririka mwaka mzima, na kwamba Mwagusi na vijito vingine vya mchanga ndivyo vilivyokuwa vikikauka, si huu.

Wazee hao wako sahihi. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na umekuwa ukikauka karibu kila mwaka tangu hapo. Ukitaka kujua sababu inabidi upande juu kidogo, hadi Ihefu. Wengi mnalijua jina hilo kwa mpira, timu ya Mbarali iliyomaliza rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Timu ilibeba jina la ardhi oevu. Ihefu ndilo tangi la asili la mto huu: maji yote ya Usangu hukusanyika pale, kisha hutoka kidogokidogo kupitia mwamba wa Ng'iriama kuingia hifadhini. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha mwamba ule, hakuna kinachopita. Hakuna anayefunga koki; kina kimepungua tu, basi.

Na kinapungua kwa sababu yetu. Kulijengwa shamba kubwa la Mbarali, likafuatiwa na Kapunga, na kuzunguka hayo mawili maelfu ya wakulima wadogo wakachimba mifereji, wakajenga mabanio ya kuingiza maji ya mto mferejini, wakalima mpunga. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mifereji hiyo. Mchele wa Mbeya unaosifiwa Kariakoo na Mabibo kwa harufu yake, sehemu nzuri ya mchele huo imelimwa Usangu, na kila anayeula, awe Dar es Salaam au Dodoma, ana mkono wake kwenye mto ule. Silisemi hili kwa kumlaumu mkulima. Nilikua nikiona mama akisimama kwenye jaruba tangu alfajiri, miguu imevimba, na najua gunia moja lilimaanisha nini nyumbani.

Nilipopata mtandao Iringa nilimpigia mjomba, ambaye bado analima huko. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia nimetoka kuuona mto wetu chini, umekauka. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama viboko bado wapo. Nikamwambia wapo, wanabanana. Nikamuuliza: mwezi wa kumi mpunga umeshavunwa zamani, kwa nini mabanio hayafungwi, maji yakarudi mtoni? "Mwanangu," akasema, "kiangazi mfereji si wa mpunga tena. Watu wanakunywa humo, wanafua humo, ng'ombe wanakunywa humo. Ukilifunga banio, kijiji kizima kiende wapi?"

Jibu hilo limenikaa. Siku zote nimesikia tatizo la Ruaha likielezwa kama ugomvi wa mpunga na tembo. Mjomba alikuwa anazungumzia bomba. Kijiji chenye kisima cha uhakika kinaweza kulifunga banio mwezi wa nane bila mtu kukosa maji ya kunywa. Maji machache yanayopotelea kwenye mfereji mrefu wa udongo, yakifyonzwa na ardhi njiani na kukaushwa na jua, ndiyo haya haya ambayo wakati wa kiangazi yangeweza kusaidia kuivusha Ihefu juu ya mwamba wake.

Tumejaribu njia nyingine, na inafaa zikumbukwe. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto huu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na maelfu ya ng'ombe, wengine wakaishia Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi. Mto umeendelea kukauka. Ninaona ni haki kusema kwamba mfugaji alibebeshwa lawama kubwa kuliko maji aliyoyatumia, na watu waliopoteza mifugo yao njiani wanastahili hilo lisemwe. Hasara haiishii kwa wanyama pia. Baada ya hifadhi maji haya huingia bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, yanakozalishwa umeme, na mnaokumbuka mgao wa umeme wa 2006 mnakumbuka jinsi majina ya mabwawa hayo yalivyokuwa yanasomwa kwenye taarifa ya habari kila jioni.

Sasa rudini kwa simba. Mto unapokauka, swala na nyati hubanana kwenye madimbwi, na sisi wageni tunafurahi kwa sababu simba wanaonekana kirahisi. Lakini wapo wanyama wanaotoka nje ya mipaka kutafuta maji, na anayewala huwafuata. Nje kuna watu na mifugo. Hifadhi haina uzio. Kwa Wabarabaig ilikuwa desturi kijana aliyemuua simba kupewa ng'ombe kwa ushujaa wake, na mfugaji yeyote, awe Mbarabaig, Mmasai au Msukuma, aliyeamka akakuta ng'ombe wake watatu wamelala chini, hahitaji desturi ili akasirike. Njia mbaya kuliko zote ni sumu, kwa kuwa haichagui. Februari 2018 simba 6 na tai 74 walikutwa wamekufa kwa sumu katika eneo la Ruaha. Tai hutaga yai moja tu kwa msimu. Sijui inachukua miaka mingapi kurudisha sabini na wanne.

Kilichonipa nguvu ni kuona kazi inayofanyika vijijini. Mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha ulianzishwa mwaka 2009 na mtafiti Amy Dickman, na leo unaendelea chini ya jina la Lion Landscapes. Wamesaidia familia kuzungushia mazizi yao waya imara, kwa sababu ng'ombe wengi huuawa usiku wakiwa ndani ya boma la miiba lililolegea. Vijana waliokuwa wakisifiwa kwa kuua simba sasa hufuatilia nyayo zao na kuwaonya wachungaji wasielekee upande fulani siku hiyo. Jambo lililonivutia zaidi ni kamera. Kijiji huwekewa kamera zinazopiga picha zenyewe kwenye ardhi yake, kila mnyama anayepita huleta alama, na simba au mbwa mwitu huleta alama nyingi kuliko digidigi. Alama hizo hugeuzwa kuwa dawa za zahanati, vifaa vya shule na huduma za mifugo. Kwa mara ya kwanza simba anayepita karibu na kijiji bila kudhuru anakuwa na faida ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kuishika mkononi. Kabla ya hapo wanavijiji wa Idodi na Pawaga walikuwa tayari wameunda jumuiya yao ya hifadhi, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, kwa hiyo wazo la kijiji kunufaika na wanyama si geni pale. Geni ni kunufaika na simba aliye hai, mmoja, leo.

Nilimuuliza dereva kama haogopi kwamba siku moja simba wataisha. Alisema anaogopa zaidi mto, kwa sababu kijana unaweza kumkalisha ukamshawishi, na boma unaweza kulitia waya.

Mtakaoniuliza kama mwende Oktoba, nitawaambia nendeni. Mtawaona simba, na ni vizuri Mtanzania amwone simba wa nchi yake akiwa huru, maana hakuna nchi nyingine duniani yenye simba wengi kama hii. Kaeni nao, msikimbilie picha. Mkimaliza, mwombeni dereva awapeleke mtoni, mtazame madimbwi, mkumbuke mlichokula usiku.

Mimi safari ijayo nimemwalika mjomba. Ameishi miaka yote juu ya mto huu na hajawahi kuuona unakokwenda. Nilipendekeza Februari, mto ukiwa umejaa, akakataa: Februari ni palizi, jaruba haliachwi. Tumekubaliana mwishoni mwa Juni, akishavuna. Wakati huo maji bado yanatiririka hifadhini, nyasi zimeanza kukauka, simba wanaanza kushuka mtoni, na yeye atakuwa ameuza mpunga, ana fedha ya kuchangia gari.